Sauti isiyo na maneno: fundi wa mashine ya kusaga, sonona na mvumo wa masikioni

Karatasi ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja: "Anasikia sauti. Saikosisi. Aendelee na dawa." Aliyeileta alikuwa mwanamume wa miaka 54, fundi wa mashine ya kusaga mahindi, aliyeingia kliniki yetu ya afya ya akili akiwa katikati ya mkewe na mdogo wake. Alikuwa ametumia haloperidoli, dawa ya saikosisi (ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia), miligramu 5 kila usiku kwa wiki saba. Alitembea amekakamaa, mikono haichezi, uso umeganda, na mkewe alishika leso ya kumfutia mate.

Mgonjwa na mkewe wameridhia kisa hiki kiandikwe. Nimebadili baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha. Ya kitabibu sikuyagusa.

Nilimwamkia, akaitikia, akainamisha kichwa. Maelezo yote yalitoka kwa mkewe. Baba halali. Chakula anakisogeza pembeni baada ya matonge mawili. Suruali zote zinamvuka. Mashine aliyokaa nayo miaka 22 amemwachia mtoto wa kaka yake, na msikitini, ambako alfajiri haikumpita, hajaonekana tangu mfungo uishe. Usiku anawasha redio kwa sauti ya chini na kuiweka karibu na mto. Mkewe akiizima, anaamka na kutoka nje. Walimpeleka kwa shehe akasomewa, na shehe huyo huyo ndiye aliyewaambia warudi hospitali.

Nikamgeukia mwenyewe. "Baba, hiyo sauti inasema nini?"

Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Haisemi, daktari. Inavuma." Akatulia kidogo. "Umewahi kunywa kwinini wewe? Ule mvumo wa kwinini. Ndiyo huu huu. Ila ule ulikuwa unaisha."

Mtu yeyote wa makamo aliyetibiwa malaria nchini kabla ya dawa mseto kuenea anajua alichokuwa anakisema. Kwinini huvumisha masikio, na kwa kawaida mvumo hupungua na kwisha dozi inapokwisha. Kwa sentensi hiyo moja alikuwa amejipima mwenyewe vizuri kuliko ilivyompima ile karatasi: si mtu anayesemeshwa na wasioonekana, ni mtu mwenye mvumo usiokwisha masikioni, ule ambao kitaalamu huitwa tinitasi.

Neno lililompoteza

Nimefikiri sana jinsi alivyofikishwa kwenye haloperidoli, na simlaumu aliyemwandikia. Kiswahili chetu kina neno moja, sauti, kwa kinywa kinachosema na kwa birika linalochemka. Mgonjwa akisema "nasikia sauti" mbele ya mtoa huduma mwenye foleni inayofika mlangoni, huku ndugu wakiongeza kwamba hali, halali na anaongea peke yake usiku, jibu linakuja lenyewe. Kumbe alipokuwa "anaongea peke yake" alikuwa anasoma dua, ili asikie kitu kingine zaidi ya mvumo.

Lugha hiyo hiyo ina njia ya kutokea. Sauti ya saikosisi inasema, inaamrisha, inatukana, inamtaja mtu kwa jina. Ya masikio inavuma, inalia, inazizima. Wagonjwa wanaifananisha na nyenje wa jioni, mvuke wa birika, mbu, redio isiyoshika stesheni. Ukiuliza "inasema nini?" na "inafanana na nini?", maswali mawili tu, mara nyingi wenyewe watakutenganishia. Hatukukuta kwake imani potofu, mawazo yaliyovurugika wala hofu ya kufuatwa. Haloperidoli tuliipunguza kwa siku chache kisha tukaiondoa. Ukakamavu uliisha katika wiki ya tatu, na mkewe aliniambia siku mume wake alipotabasamu alimwita jirani aje aone.

Tulichokikuta

Ugonjwa wa akili alikuwa nao, ila si ule ulioandikwa. Kwenye dodoso la PHQ-9 la Kiswahili alipata alama 21 kati ya 27, yaani sonona kali. Swali la tisa, lile la kutamani kufa au kujidhuru, alilijibu polepole: karibu kila siku. "Naona bora nipumzike," alisema, na nilipomuuliza kupumzika kuna maana gani kwake, hakuzunguka. Alikuwa amefikiria njia, hakuwa amepanga siku. Tulizungumza kuhusu kumlaza wodini. Familia ilikuwa imara na iliomba akae nyumbani, kwa hiyo tulikubaliana kwamba kwa wiki mbili hatabaki peke yake hata saa moja, dawa zote zitashikwa na mkewe, sumu na kamba za ghalani zitahamishiwa kwa mdogo wake, na nitapigiwa simu siku yoyote mambo yakibadilika. Mdogo wake alihamisha godoro lake siku hiyo hiyo.

Mvumo wenyewe ulikuwa na miaka miwili na nusu. Ulianza ukija na kuondoka, ukakaa moja kwa moja tangu mwaka uliopita, masikio yote mawili, hauendi na mapigo ya moyo. Hakuwahi kupoteza usikivu ghafla, hakuwa na kizunguzungu, uso haukupooza upande. Hayo tuliyauliza moja moja, maana mvumo wa sikio moja tu, unaopiga pamoja na moyo, au uliokuja na uziwi wa ghafla unataka uchunguzi mwingine na wa haraka.

Daktari wa masikio, pua na koo alimtoa nta iliyokuwa imeziba sikio la kushoto, kisha akapima usikivu. Picha ilikuwa ya masikio yaliyoumizwa na kelele: sauti nene anazisikia vizuri, nyembamba zinaporomoka, na shimo la wazi kwenye hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), sawa kulia na kushoto. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane ndicho kiwango ambacho mfanyakazi anatakiwa kukingwa masikio. Kwenye kibanda cha mabati chenye mashine ya kusaga na ya kukoboa, watu wawili waliosimama bega kwa bega hupigiana kelele ili wasikilizane. Alifanya kazi hapo miaka 22, na pamba masikioni siku za vumbi.

Kuna jambo alilolisema akiwa tayari kuondoka ambalo lilinikaa. Baada ya kuiacha kazi aliendelea kwenda mashineni mchana, anakaa nje ukutani saa nyingi, kwa sababu pale tu ndipo mvumo ulipofunikwa. Watoto walidhani amekumbuka kazi. Alikuwa anatafuta nafuu kwenye kitu kile kile kilichomuumiza, na kila jioni alirudi nyumbani mvumo ukiwa juu zaidi.

Alikuwa pia ananunua diklofenaki dukani kwa ajili ya kichwa, karibu kila siku, na diazepamu mara moja moja akikosa usingizi. Diklofenaki tuliiondoa, kwanza kwa sababu dawa za kundi lake zinaweza kuchochea mvumo, pili kwa sababu nilikuwa najiandaa kumpa dawa ambayo ikichanganywa nayo huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni.

Mvumo ulileta sonona, au sonona ilileta mvumo?

Ndugu walitaka jibu, na nadhani wasomaji pia watalitaka. Chembe za nywele za sikio la ndani zikifa kwa kelele hazioti tena. Ubongo, uliozoea kupokea taarifa za sauti nyembamba, hupandisha usikivu wake wenyewe kufidia pengo, na matokeo ni mlio usio na chanzo nje. Mpaka hapo ni habari ya sikio na ubongo wa kusikia. Lakini watu wengi wana mlio huo na hawateseki. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 yalikadiria kwamba takriban asilimia 14 ya watu wazima duniani wamepata tinitasi, na walio na hali kali ni karibu asilimia 2. Tangu mwaka 1990 mtafiti wa tinitasi, Jastreboff, alieleza kinachowatofautisha: ubongo ukiuhesabu mlio kuwa hatari, sehemu za hofu na hisia zinaushika na hazimruhusu mtu kuuzoea. Anayeupuuza, unafifia kama saa ya ukutani.

Sonona ndiyo inayonyang'anya uwezo wa kupuuza. Inaondoa usingizi, na usiku mtulivu ndio uwanja wa mvumo. Inamtenga mtu na watu, akabaki na mvumo peke yake. Inampa tafsiri mbaya kuliko zote: kwamba hautaisha, kwamba kichwa kinaharibika, kwamba ni adhabu. Mvumo nao unailisha sonona kila saa. Kwa mgonjwa huyu mvumo ulitangulia, lakini siku alipofika kwetu lisingekuwa jambo la maana kubishania nani mkubwa. Kilichokuwa kinaweza kumuua ni sonona, na sonona ina dawa.

Dawa gani, na kwa ahadi gani

Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu zaidi, kwa sababu ni rahisi kumdanganya mgonjwa kwa nia njema.

Mwaka 1993 watafiti wa Seattle nchini Marekani walitoa matokeo ya jaribio la nortriptilini, dawa ya sonona, kwa watu 92 wenye tinitasi kali pamoja na sonona au dalili zake. Baada ya wiki 12 sonona ilipungua zaidi kwa waliopata dawa, na mvumo uliyakwamisha maisha yao ya kila siku kwa kiasi kidogo kuliko ya wenzao. Theluthi mbili walisema dawa imewasaidia. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa wanne katika kila kumi. Mwaka 2006 jaribio la Göteborg, Sweden, liliwapa watu 76 wenye tinitasi kali ama sertralini, dawa nyingine ya sonona, miligramu 50 ama kidonge kitupu kwa wiki 16, na waliopata sertralini walitoka na mateso machache. Upande wa pili, jaribio la paroksetini la mwaka 2005 kwa watu 120, wengi wao wasio na sonona, halikuonyesha faida ya kutegemewa. Na mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, ya mwaka 2012, yaliyojumlisha majaribio sita yenye wagonjwa 610, yalihitimisha kwamba ushahidi wa dawa za sonona kuitibu tinitasi yenyewe hautoshi. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unakataza kuzitoa kama tiba ya kawaida ya mvumo.

Ukiyasoma kwa haraka yanagombana. Ukiangalia nani alipewa dawa, yanaanza kupatana: nafuu inaonekana kwa yule ambaye hisia zake zimeshikwa, na anayevumiwa masikio tu bila sonona hapati cha maana zaidi ya kinywa kikavu. Ndivyo ninavyoyasoma mimi, na ndivyo nilivyomwambia: "Baba, dawa hii siitoi ili izime mvumo. Naitoa ili wewe uinuke. Ukiinuka, mvumo utakukuta ukiwa na nguvu." Alinikatisha. "Kwa hiyo hautaisha?" Nikamwambia huenda usiishe. Mkewe alilia. Yeye hakulia, alisema ni mara ya kwanza anaambiwa ukweli.

Nortriptilini kwetu huioni kirahisi. Amitriptilini ipo karibu kila hospitali, bei yake ni ndogo, inaleta usingizi, na ini huibadilisha kuwa nortriptilini. Kwa mtu mwingine ningeanza nayo. Kwa mtu aliyefikiria kujiua sikuithubutu: vidonge vya wiki chache vikimezwa kwa pamoja vinaweza kuusimamisha moyo. Nilichagua sertralini, miligramu 25 asubuhi, ipande hadi 50 baada ya wiki mbili, na mkewe akiwa ndiye mtoaji.

Kosa langu

Siku ya sita simu ililia saa kumi usiku. Mvumo ulikuwa umepanda, miguu haitulii, anasema dawa inamwongezea ugonjwa na hataigusa tena.

Nilikuwa nimemweleza kichefuchefu, kuharisha, usingizi kuruka. Sikuwa nimemweleza kwamba dawa za kundi hili zinaweza kuupandisha mvumo siku za mwanzo, na nilijua. Watafiti wa Oregon walionyesha mwaka 2017, kwa panya wa maabara, kwamba serotonini, kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi huiongeza, huzichangamsha chembe za kituo cha kwanza cha kusikia ndani ya ubongo. Kwa mtu ambaye mvumo ndio adui yake mkuu, hilo lilipaswa kuwa la kwanza kusemwa, kabla ya tumbo na kichefuchefu. Alifika asubuhi nikamwomba radhi na kumweleza upya. Tulibaki kwenye 25 kwa siku kumi zaidi, nikawa napiga simu mwenyewe kila baada ya siku mbili, kwa sababu siku za mwanzo za dawa kwa mtu mwenye mawazo ya kufa si za kumwacha aende kwa kubahatisha. Mvumo ulirudi ulipokuwa kabla wiki ya pili haijaisha.

Tulichopima tangu mwanzo ndicho kilichotusaidia kuona njia. Nilimwomba atoe alama mbili tofauti, kila moja kati ya 0 na 10: mvumo ni mkubwa kiasi gani, na unamsumbua kiasi gani. Siku ya kwanza hakuiona tofauti. "Si ni kitu kimoja?" Aliupa ukubwa 8 na usumbufu 10. Wiki ya tano, akiwa kwenye miligramu 50, ukubwa ulikuwa 8 vile vile na usumbufu 7. Alilala saa tano mfululizo mara ya kwanza. Dodoso lilisoma 15, na lile swali la tisa alilijibu "siku chache".

Wiki ya saba sertralini ilikosekana duka walilozoea, na pesa ya kwenda kuitafuta mjini haikuwepo. Alikaa siku sita bila dawa. Alikuja akiwa na kizunguzungu, anasema kuna kama shoti za umeme zinapita kichwani akigeuza macho, na mvumo umepaa. Hiyo ni picha ya kuacha ghafla, na mgonjwa ambaye hajaambiwa ataisoma kama ugonjwa kurudi. Nilijiuliza kwa nini nilimwekea tiba juu ya dawa asiyoweza kuipata kila mwezi. Tulihamia fluoksetini miligramu 20, dawa ya kundi hilo hilo, ambayo dirisha la dawa la hospitali huwa nayo, na ambayo hukaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba mtu akikosa siku mbili tatu mwili hautikisiki sana. Leo ningeanza nayo.

Redio, ukuta wa mashine na alfajiri

Dawa pekee isingemfikisha. Tiba ya mazungumzo inayobadili namna mtu anavyoutafsiri na kuujibu mvumo ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zote kwa mateso ya tinitasi, na mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020 yaliyokusanya tafiti 28 yanaiunga mkono. Mtaalamu wa saikolojia hatuna wa kutosha, kwa hiyo mimi na muuguzi wa kliniki tulifanya tulichoweza kwa vikao vinane, nusu saa nusu saa.

Redio tuliirudisha chumbani, kwa heshima. Mkewe aliposikia kwamba mumewe alikuwa amegundua mwenyewe tiba inayotumika kwingine kwa mashine za bei kubwa, alinyamaza, kisha akauliza iwe juu kiasi gani. Iwe chini kidogo ya mvumo, isiufunike wote: ubongo unajifunza kuuzoea ukiusikia ukiwa pamoja na sauti nyingine. Waliipata stesheni ya kaswida za usiku. Ukutani mwa mashine alikatazwa kukaa. Alinunuliwa vizuia kelele vya kufunika masikio, si pamba, na kazi yake ikawa nje upande wa mzani: anapima debe, anapokea pesa, na akisikia mashine imebadili mlio anamwita kijana aangalie nyundo. Sikio lililoumia bado liliijua mashine kuliko la kijana.

Lililokuwa gumu zaidi ni msikiti. Kwenye utulivu wa sala mvumo ulijaza kila kitu, na aliuhesabu kuwa umemweka mbali na Mungu. Hilo halikuwa langu kulijibu. Shehe alimjibu, kwa maneno ambayo hakunisimulia, na wiki ya kumi alianza na Magharibi, safu ya mwisho karibu na dirisha, feni ikiwa juu yake. Alfajiri ilichukua miezi miwili zaidi.

Mwezi wa tatu dodoso lilisoma 8, swali la tisa sifuri. Mwezi wa sita 4. Mwezi wa tisa 3. Uzito umerudi kilo saba. Ukubwa wa mvumo aliuacha kwenye 7 miezi yote hiyo, mara moja akaupa 6. Usumbufu ulishuka kutoka 10 hadi 4 mwezi wa tatu, na sasa ni 2, isipokuwa siku za mafua na siku ambazo hakulala.

Fluoksetini ataendelea nayo hadi atimize mwaka mzima, kisha tutaipunguza taratibu, akijua mapema kwamba mvumo unaweza kupanda kidogo wakati huo na kushuka tena. Usikivu utapimwa upya mwezi ujao. Daktari wa masikio ameandika kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho kwa wenye usikivu uliopungua mara nyingi hutuliza na mvumo pia. Watoto wamechanga nusu ya bei ya kimoja. Haloperidoli imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye faili lake, na chini yake muuguzi ameongeza: "Mvumo, hauna maneno."